Samaki wa picha na samaki wa chungu

Wadau, leo nina jambo limenikaa rohoni.

Kaskazi hii nilienda Watamu kurekodi video kwenye boti ya uvuvi wa burudani. Mgeni mmoja akanasa sulisuli mkubwa, akavutana naye karibu nusu saa. Wakamsogeza ubavuni mwa boti, wakamtia alama yenye nambari, picha mbili tatu, wakamwachilia. Huyo, akazama zake. Nikaposti, nikaandika: "Huu ndio uvuvi wa kistaarabu."

Sasa, ami yangu ni mvuvi hapa Mji wa Kale. Video aliiona kwa simu ya mwanawe. Jioni tumeketi barazani, akaniuliza polepole tu: "Kwa hivyo mwanangu, mimi niliyekusomesha kwa samaki, si mstaarabu?"

Wallahi nilikosa la kusema.

Kuachilia bado naunga mkono. Kule Watamu, African Billfish Foundation wanaifanya kazi hii ya kutia alama tangu 1990. Samaki yule akinaswa tena kwengine na nambari ikaripotiwa, inajulikana amesafiri wapi na kwa muda gani. Tena sulisuli aliye hai huweza kumleta mgeni mwengine kesho, nahodha na mabaharia wakalipwa tena.

Lakini tusidanganyane. Mgeni akishaachilia samaki wake, chakula kinamngoja hotelini. Ami akimwachilia wake, nyumbani kutapikwa nini? Kwake yeye sulisuli ni ada ya shule, ni mafuta ya mashine, ni mchuzi wa nazi.

Asubuhi yake nikamfuata sokoni. Akanionyesha fungu la changu, kila mmoja hazidi kiganja changu. "Hawa ndio wa kuachiliwa," akasema. "Hawajazaa hata mara moja." Yeye huvua kwa mshipi. Juya hataki kuliona, maana linakomba wakubwa kwa wachanga, na serikali ishalipiga marufuku. Kamba mawe akimpata na mayai, humrudisha majini. Kumbe miaka yote hii ami anaachilia, ila hakuna wa kumpiga picha!

Basi maoni yangu ni haya. Anayevua kwa raha amwachilie mkubwa, anayevua kwa chungu amwachilie mchanga. Sheria moja kwa wote itamwonea mmoja.

Na sisi wanunuzi tusijitoe. Changu wa kiganja akikosa mnunuzi, nyavu za tundu dogo zitakosa kazi. Najua ni rahisi kusema. Fungu lile ni la bei nafuu, na hata mamangu hulinunua mwisho wa mwezi. Lakini tukiwamaliza wachanga leo, mwakani hata hilo fungu hatutaliona.

Video sijaifuta, nimebadilisha maneno tu. Ami naye ameuliza nitamrekodi lini. Nimemwambia Jumamosi inshallah, bahari ikituruhusu.