Ile Ilikuwa Tofauti



Nimeadimika wiki tatu, najua. Kwanza majaribio, halafu uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, halafu nikakimbilia nyumbani Ngerengere kupumzisha kichwa. Nimerudi juzi na kichwa hakijapumzika. Kwa hiyo leo hakuna stori za wali wa kantini. Nina jambo la aibu nataka nilitue.

Siku nne kabla ya kura, kwenye grupu letu la kampeni iliingia sauti. Binti mmoja wa kambi ya pili alikuwa anaongea na shoga yake kwenye simu, anamponda mgombea wake mwenyewe. Haikuwa mkutano wala hotuba, ni simu ya watu wawili. Tulicheka mpaka machozi. Mimi mwenyewe niliirusha kwenye magrupu manne. Na huyo binti nasoma naye! Tuko kundi moja la majadiliano, somo la saikolojia ya elimu. Toka siku ile hajatokea kwenye kundi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani karekodi. Nilipopata akili ya kuuliza nilikuwa kwenye treni naelekea Ngerengere, na nikakumbuka kwamba swali hilo nimeshalikwepa mara moja huko nyuma.

Ilikuwa Julai 2019, niko kidato cha pili. Bila shaka mnakumbuka zile sauti za vigogo wa CCM zilizovuja. Makatibu wakuu wawili wastaafu, mzee Kinana na mzee Yusuf Makamba, pamoja na wabunge Nape Nnauye, January Makamba na William Ngeleja, walisikika kwenye simu wakimlalamikia mwenyekiti wao, Rais Magufuli. Kwetu zilifika kwenye simu ya mjomba. Mjomba ni Chadema wa kufa na kuzikana. Babu, baba yake mzazi, ni CCM toka TANU, na kwa miaka mingi alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kufungua zile faili na kuongeza sauti. Basi bwana, kwa mara ya kwanza nikawaona hawa wawili wanafurahia kitu kimoja. Babu alisema wasaliti wameumbuka, chama kina macho. Mjomba akasema acha waonjane wenyewe kwa wenyewe. Akaniambia niwatumie wenzake, nikatuma.

Sasa ruka mpaka Septemba 2024. Gazeti la The Guardian la Uingereza likaandika juu ya ushahidi uliotolewa kwenye kesi moja ya kazi huko London, kwamba kampuni ya simu ya Tigo iliipa serikali taarifa za simu ya Tundu Lissu, pamoja na mahali alipo, usiku na mchana, katika wiki za kabla ya kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Mjomba alikuja kwa babu anatetemeka. Babu akajibu kwa utulivu kwamba asiye na kosa haogopi kusikilizwa. Mjomba akafoka, wakaachana vibaya, na ikapita miezi hawajala pamoja. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno kwenye ukoo, kwa hiyo akinuna yeye, nyumba nzima imenuna.

Safari hii niliamua kuwauliza, kila mtu peke yake. Nikamuuliza mjomba, "Mjomba, mbona mwaka 2019 ulicheka?" Akanitazama kidogo, akasema, "Ile ilikuwa tofauti." Jioni nikamuuliza babu, "Babu, na wale kina Kinana walikuwa na kosa gani? Chama kilimpa karipio Februari 2020, halafu 2022 kikamfanya Makamu Mwenyekiti." Babu akasema, wallahi neno kwa neno, "Mjukuu wangu, ile ilikuwa tofauti."

Tofauti ilikuwa nini? Sheria ni ile ile. Katiba ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi, na haikuandika mtu wa chama gani. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini ya kisheria. Kilichobadilika ni jina la aliyenaswa tu.

Na msidhani ni ushamba wetu wa Bongo. Marekani, Januari 2006, Bush akiwa rais, watu waliulizwa kwenye kura ya maoni kama ni sawa serikali kuchunguza mawasiliano kwa ajili ya kuzuia ugaidi. Wafuasi wa Republican, asilimia 75 walikubali, wa Democratic 37 tu. Juni 2013, Obama yuko Ikulu na Snowden ametoboa siri, Democratic wakapanda hadi 64, Republican wakashuka hadi 52. Watu walihamia upande wa pili wa hoja bila kuhama chama.

Ila nisimwonee babu. Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu la haraka. Alisema, "Kibiti na Rufiji, 2017, walikuwa wanauawa wenyeviti wa vijiji na polisi. Ulitaka serikali isifuatilie simu za wauaji?" Hapana babu, nataka ifuatilie. Na hiyo hiyo ibara ya 16 inairuhusu dola iweke utaratibu wa kisheria wa kuingilia faragha pale inapobidi. Mimi nataka utaratibu wenyewe ufuatwe: awepo mtu wa kuombwa ruhusa, mwenye uwezo wa kusema hapana, na awepo wa kuulizwa baadaye. Bila hivyo leo atafuatiliwa muuaji, kesho mpinzani, keshokutwa katibu mkuu mstaafu wa chama kinachotawala.

Na wanaokaa upande wa kusikiliza hawakai milele. January Makamba alikuwa naibu waziri wa mawasiliano mwaka 2015, wizara yake ilipopeleka bungeni Sheria ya Makosa ya Mtandao. Miaka minne baadaye simu yake mwenyewe inachezwa vijiweni. Nape, baada ya kwenda Ikulu kuomba radhi Septemba 2019, alikuja kuwa waziri wa habari, na ni akiwa waziri ndipo ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sijui moyoni mwake. Mimi nawaza tu kwamba aliyewahi kurekodiwa anaelewa haraka.

Kilichonimaliza kabisa ni daftari. Babu alipokuwa mjumbe alikuwa na kaunta buku la wageni. Nani kalala kwa nani, katokea wapi, ataondoka lini. Mgeni alishuka stesheni, na kabla hajaoga babu ana habari. Daftari lilikaa mezani sebuleni miaka yote, na kwake halikuwa siri, ni ulinzi tu. Bibi akanikumbusha kwamba mwaka 2014, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, zilizuka tetesi kuwa upinzani utachukua kitongoji. Usiku ule ule babu alilitoa lile daftari mezani, akalifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Bibi alipomuuliza, akasema, "Haliwezi kushikwa na watu wale."

Kumbe alijua! Alijua daftari lina uwezo gani, ila hakuuona mpaka alipomfikiria adui ndiye analishika. Na lile lilikuwa la nyumba kumi tu. Toka 2019 tunasajili laini kwa alama za vidole. Mkono ambao ungeamua vibaya leo hauhitaji kaunta buku.

Jana nilimfuata yule binti nje ya maktaba. Nikamwambia ni mimi niliyeituma, magrupu manne, na naomba radhi. Hakufoka. Aliniuliza kitu kimoja, "Ningekuwa wa upande wenu, ungeituma?"

Nilitaka kusema ile ilikuwa tofauti. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni kabisa. Nikalimeza, nikasema, "Hapana, nisingeituma." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Hajanisamehe, na sikumwomba anijibu. Leo asubuhi nimeandika kwenye grupu letu la kampeni kuuliza nani alirekodi ile simu. Mpaka sasa hivi naona watu 31 wamesoma, hakuna aliyejibu, na wawili wamenitumia ujumbe pembeni kuniuliza nimehamia lini kambi ya pili.

Ngoja niishie hapa, saa mbili nina kipindi. Kundi la saikolojia tunakutana Alhamisi. Nitaweka kiti chake.

Tuko pamoja.