Nani Anasema Mvua Imebadilika?

Nilipokuwa mdogo Vuhovi, mvua ikichelewa watu waliulizana nani amegombana na nani. Usultani wetu wa Bashu, kwenye milima ya Kivu ya Kaskazini iliyo kati ya Butembo na bonde la Semliki, una desturi ya zamani ya kuunganisha hali ya ardhi na hali ya wenye mamlaka. Mwami, yaani chifu wetu, akiwa amesimikwa vema, na wenye dawa za mvua wakiwa upande wake, mashamba hutoa. Ugomvi ukiingia katika ukoo wake, jua huchoma maharagwe yangali na majani mawili. Mwanahistoria Mmarekani Randall Packard alifanya utafiti kwetu, na mwaka 1981 akatoa kitabu kizima juu ya Bashu, machifu wao, na jinsi ukame na njaa vilivyoingia katika ushindani wa utawala. Nilikisoma nikiwa mtu mzima, nikayatambua humo mazungumzo ya kyaghanda ya babu yangu, ambako wanaume waliota moto jioni na kesi za ukoo zikasikilizwa.

Naanza na hilo kwa sababu nimewasikia wageni wengi wakisema kwamba watu wa milimani wanakataa habari ya mabadiliko ya tabianchi kwa kuwa wanadhani mvua ni ya Mungu peke yake. Kwa Bashu sivyo. Babu yangu aliamini kwamba mwanadamu anaweza kuiharibu mvua, na aliamini hivyo kabla mtu yeyote hajamletea jedwali la halijoto. Kilichobaki cha kubishaniwa ni mwanadamu gani, na huyo anayemshtaki anapata faida gani.

Baba alilima kahawa ya arabika, na katikati yake migomba na maharagwe. Kazi aliipanga kwa sikukuu za kanisa kama majirani wote, maana mapadre Waasumpsio walikuwa wamefika nchi yetu tangu mwaka 1929 na kalenda yao ilikuwa imekwisha kuoana na udongo. Maharagwe ya msimu wa kwanza yaliingia ardhini baada ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tarehe 15 Agosti. Ya msimu wa pili yalingoja Kwaresima. Juni na Julai zilikuwa za kuanika, kujenga na kuoa. Miaka mibaya ilikuwapo, na kwa kuwa ilikuwa michache kila mmoja ulipewa jina lake.

Sasa miaka mibaya haipewi majina. Mvua ya Agosti hunyesha siku chache, watu wakakimbilia kupanda, kisha hukatika mpaka Septemba kuelekea mwisho. Mbegu hunyauka, na mama mwenye watoto sita anakwenda kukopa mbegu nyingine. Mara nyingine Juni, mwezi wa kuanika, humwaga maji na kahawa ikaota ukungu kwenye mikeka. Mvua yenyewe imebadilika mwendo. Ile ndefu, nyepesi, ya mchana kutwa, iliyozama ardhini polepole, tunaiona kwa nadra. Inayokuja ni ya saa moja, kali, yenye mawe yanayochana majani ya migomba, na maji yake hayana wakati wa kuzama. Yanashuka na udongo wetu hadi bondeni.

Kahawa inadai maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nilipojifunza kutotupia kila msiba tabianchi. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na majirani wengi wakang'oa miti yao. Hilo halikuwa jua. Huko chini, kuelekea Beni, robusta ilikauka mti baada ya mti kwa ugonjwa wa ukungu unaoziba mishipa ya shina, ndiyo maana leo mashamba mengi ya huko ni ya kakao. Nalo halikuwa jua. Lakini Baba, ambaye hakung'oa, alianza kuona vijitundu kwenye punje za arabika yake, kazi ya mdudu ambaye zamani alikuwa taabu ya mashamba ya chini kwenye joto. Mdudu huyo huzaliana haraka zaidi hewa inapopata joto, na anapanda mlima pamoja nalo. Watafiti waliochunguza takwimu za arabika ya Tanzania walichapisha mwaka 2015 kwamba kila joto la chini la usiku linapoongezeka kwa nyuzi 1, ekari mbili na nusu, yaani hekta moja, hupoteza karibu kilo 137 za kahawa. Niliposoma hayo nilimkumbuka Mama. Alikuwa akisema usiku wa Vuhovi umeacha kuuma, na kwamba blanketi la pili, ambalo zamani halikutoka kitandani mwaka mzima, sasa linakaa sandukuni. Yeye hakuwa na kipimajoto. Alikuwa akieleza jambo lile lile.

Kisha kuna theluji. Kwenye migongo ya milima yetu, alfajiri mawingu yakiwa hayajapanda, ukiangalia mashariki ng'ambo ya Semliki unaiona Ruwenzori. Mwaka 1906 Duki wa Abruzzi kutoka Italia alipanda vilele vyake, na barafu wakati huo ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba. Mwaka 2006 watafiti wa London na wa Chuo Kikuu cha Makerere, akiwamo Bob Nakileza, walionyesha kwamba kutoka kilomita 2 hivi mwaka 1987 ilibaki chini ya kilomita 1 mwaka 2003. Walisema chanzo ni joto la hewa. Wataalamu wengine wa barafu, wakiongozwa na watu wa Innsbruck, Austria, wakawajibu mwaka ule ule kwamba kupungua kwa unyevu wa hewa kusipuuzwe.

Mimi ni mwalimu wa jiografia Butembo, na nilipoufundisha ubishi huo kijana mmoja aliinuka: "Mwalimu, kama wao wenyewe wanabishana, sisi tuamini nini?" Ni swali zuri, na nimelijibu tangu hapo kwa namna moja. Wote wawili wamepima, na wote wawili wanaona barafu inakwisha. Wanachobishania ni sehemu ya joto na sehemu ya ukavu, na wanabishana hadharani, kwa hesabu zinazoweza kukaguliwa. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema barafu yote ya Afrika huenda ikatoweka ifikapo miaka ya 2040. Huwaambia wanafunzi pia jambo ambalo watu wa mikutano hulisahau: maji ya barafu ni sehemu ndogo mno ya mito ya Ruwenzori. Mito hiyo hulishwa na mvua ya msituni. Theluji ikiisha Semliki haitakauka kwa sababu hiyo, na mwenye kutisha watu kwa kusema itakauka anaua imani atakayoihitaji kesho.

Imani hiyo tuliiona ikivunjika kwa macho yetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, ikaua watu 2,287, na zoni ya afya ya Vuhovi ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Wakati mauaji ya raia katika eneo la Beni yalikuwa yanakaribia kutimiza miaka minne bila magari mengi kuja, magari ya ebola yalijaa barabara kwa wiki chache. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, tukaambiwa Beni na Butembo hatutapiga kura ya rais kwa sababu ya ugonjwa na usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi. Kisanduku cha kura tu ndicho kilichoambukiza. Watafiti waliowahoji watu 961 wa Beni na Butembo mnamo Septemba ya mwaka huo, hata kabla ya hilo la kura, walikuta mmoja kati ya wanne haamini kwamba ebola ipo. Walikuta pia kwamba chini ya theluthi moja waliamini viongozi wa mahali wangetetea maslahi yao. Namba hizo mbili husomwa kila moja peke yake. Kwetu zilikuwa kitu kimoja.

Shaka hiyo iliua, nami sitaipamba. Iliwaficha wagonjwa, ilichoma vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo mnamo Februari 2019, na Aprili hiyo daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi katika kliniki za chuo kikuu hapa Butembo. Kilichoanza kuigeuza, kwa nilivyoona mimi, ni waliopona. Jirani aliyebebwa akiwa hajitambui alirudi na cheti chake, akafanya kazi ya kulea watoto ambao mama zao walikuwa bado kwenye matibabu, kwa sababu yeye ugonjwa haukumpata tena. Huyo aliulizwa maswali mpaka usiku. Alijibu kwa Kinande, lugha yetu, na kesho yake alikuwa bado yupo wa kuulizwa.

Ndiyo maana sikushangaa wageni wa tabianchi walipofika. Wale niliowasikiliza mimi, katika ukumbi wa parokia huko Vuhovi, walikuja na fulana zenye maandishi, wakaeleza hewa ukaa na umuhimu wa kupanda miti. Mama mmoja muuza makaa alisimama akawaamkia kwa heshima, kisha akasema: "Wageni wetu, mlikuja na ebola mkaondoka na magari. Sasa mmekuja na mvua. Mtaondoka na nini?" Wengine wakauliza kama ni kweli msitu umeuzwa Ulaya kwa ajili ya hewa yake. Mzee mmoja akataka kujua kwa nini yeye anakatazwa kukata mti kando ya Virunga ilhali Kinshasa, mnamo Julai 2022, iliweka mnadani vitalu vya mafuta, vingine vikigusa hifadhi hiyo hiyo. Mnada huo ulikuja kufutwa Oktoba 2024. Siku ile hakuna mgeni aliyemjibu.

Yule mama wa makaa alikuwa na haki yake. Moshi ulioipasha dunia joto haukutoka kwenye tanuru lake. Ulitoka kwenye viwanda na magari ya nchi zilizotajirika mapema, na mwaka 2024 ukaifikisha dunia nyuzi 1.55 juu ya ilivyokuwa kabla ya viwanda. Lakini tanuru lake linavua vilima vyetu miti, na kilima kilichovuliwa hakiizuii mvua kali. Mambo hayo mawili ni kweli pamoja, na anayemwambia moja tu anamdanganya nusu.

Mnamo Mei 2023 mvua iliyonyesha Kalehe, Kivu ya Kusini, ilishusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, wengine wengi hawakuonekana tena. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kupima kama mabadiliko ya tabianchi yamechangia janga fulani, walilichunguza hilo, na mwezi uliofuata wakatoa jibu ambalo sikulitegemea: hawawezi kusema. Vituo vya kupima mvua katika milima yetu ni vichache mno, takwimu za setilaiti hazikubaliani, na bila namba za miaka mingi hesabu haifanyiki.

Niliwasomea wazee wa Vuhovi taarifa hiyo kwa Kiswahili changu. Nilitazamia waseme, unaona, hata wao hawajui kitu. Walinyamaza kidogo, kisha yule mzee wa swali la mafuta akasema kwamba hao angekaa nao meza moja, kwa kuwa mtu anayekueleza mahali ujuzi wake unapoishia hajaja kukuuzia. Akauliza tena: kipimo hicho cha mvua kinagharimu nini?

Kinagharimu kidogo. Ni chupa ya plastiki yenye mistari na mdomo wa faneli, inayosimikwa mahali pa wazi mbali na paa na miti. Milimita moja ni lita moja ya maji katika mita moja ya mraba. Mtoto wa darasa la tano anaelewa. Husomwa kila asubuhi saa mbili, humwagwa, huandikwa. Tuliweka cha kwanza kwenye kiwanja cha shule ya Vuhovi, na wanafunzi wanapokezana. Ugomvi ulianza msimu wa kwanza. Waliosema mvua imekufa walikuta mwezi mmoja umetoa maji mengi tu, ila karibu yote yalianguka katika siku chache, na siku zilizobaki ziliandikwa sifuri. Waliosema hakuna kilichobadilika wakataka daftari la miaka ya baba zao, na hilo halipo. Nami nawaambia waziwazi kwamba daftari la miaka hii michache haliwezi kuthibitisha mabadiliko ya tabianchi. Linahitaji miaka thelathini ndipo wataalamu waliite kipimo cha tabianchi.

Lina mapengo pia. Wavamizi wanaoua raia wanapokaribia, watu huondoka usiku kuelekea Butembo, na siku hizo hazina namba. Nimewakataza wanafunzi kuzijaza kwa kubahatisha. Wanaandika "tulikimbia" mahali pa milimita, na tarehe.

Yule mzee bado hakubali. Anasema cha shule kiko upande wa kivuli cha mvua na kwamba shambani kwake, ng'ambo ya kijito, hunyesha tofauti. Inawezekana kabisa, katika milima kama yetu kilima kimoja hulowa na cha pili kikabaki kikavu. Wiki iliyopita alituma mjukuu wake aje kuchukua kipimo cha pili, na kalamu.