Acha Kusema Tak, Tak

Mpwa wangu Rehema,

Mama yako amenisomea ujumbe wako: umefika Łódź, huko Poland, salama, chumba kina joto, ila watu wanazungumza kama wanaofukuzwa, nawe unatikisa kichwa tu na kusema tak, tak, yaani ndiyo, ndiyo. Hiyo tak, tak ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Umemkubalia nani, na kitu gani? Studiumu ya kuwafundisha wageni Kipolishi ilifunguliwa hapo mjini mwaka 1952. Wenyeji wameombwa kurudia maneno tangu kabla mimi sijafika kusoma huko. Waombe na wewe.

Usipomsikia mtu, usiseme Co? Vijana wenzako bwenini watarushiana neno hilo kutwa, lakini kwa mtu mzima linakwaruza, kama binti aliyeitwa na bibi yake akajibu “nini?” badala ya “abee”. Sema Słucham? huku sauti ikipanda mwishoni, au Przepraszam? Dukani na kwenye tramu inatosha.

Ofisini ongeza adabu. Kwa mwanamke: Przepraszam, czy mogłaby pani powtórzyć? Kwa mwanamume: czy mógłby pan powtórzyć? Yaani, samahani, unaweza kurudia? Mtu wa makamo usimwite ty, ile “wewe” ya kirafiki, hata akikuchekea, mpaka akuruhusu mwenyewe. Na usiige kila kitu kwa kaka zako Watanzania walioko huko. Wao, wakitaka kusema “sikuelewa”, husema nie zrozumiałem. Wewe mwanamke sema nie zrozumiałam. Baadhi ya dada tuliosoma nao walimaliza mwaka wakijisema kiume, maana walimu wao wa mtaani tulikuwa sisi wanaume.

Sasa lililo kubwa. Ukimwomba mtu arudie yote, atarudia yote, kwa kasi ileile, pengine na kelele juu yake. Omba kipande kilichokuponyoka tu. Mama wa dziekanat, ofisi ya mkuu wa kitivo, akikutajia fomu, nakala mbili na siku ya mwisho, nawe siku hukuidaka, mwulize: Przepraszam, do kiedy? Yaani, hadi lini? Ataona kwamba mengine umeyashika, na hatakuchoka upesi.

Kwenye tarakimu usiyaamini masikio. Dwanaście ni 12, dwadzieścia ni 20, na muuza viazi hana muda wa kuzitenganisha. Itamke wewe ile uliyoisikia, kwa kuuliza, au toa daftari useme: Proszę napisać, tafadhali andika. Hakuna aibu, hata wao kwa wao huandikiana.

Saa ndiyo mtego wetu hasa. Ukiambiwa wpół do ósmej utasikia nane, utasikia na nusu, utatokea saa nane na nusu ya kwao. Wao wanamaanisha nusu saa kabla ya hiyo nane, ambayo kwetu ni saa moja unusu asubuhi. Kabla hujaondoka hakikisha: Czyli siódma trzydzieści? Kwa daktari na kwa mtihani usiache kuuliza hivyo hata mara moja.

Wapo watakaokuhurumia wakahamia Kiingereza. Washukuru, kisha uwarudishe: Proszę po polsku, tylko wolniej, yaani kwa Kipolishi tafadhali, ila polepole zaidi. Ila mambo ya karta pobytu, kadi yako ya ukaazi, na kodi ya chumba usiyamalizie kwenye simu. Waombe wakuandikie ujumbe, uusome polepole na kamusi mkononi.

Mama yako anauliza kama lile koti la sufu linakutosha. Mjibu leo, maana ananiuliza mimi.

Mjomba wako