Chini ya Kitovu Nako Kuna Maradhi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na kuieleza katika mitihani bila taabu. Lakini maradhi yakishuka chini ya kitovu, methali yote tunaisahau. Mwenye kuumwa na jino husema jino. Mwenye kuumwa na kinena husema, "Sijisikii vizuri tu," kisha hujifunika blanketi gubigubi.

Mimi ni msichana wa Kidato cha Nne. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilianza kushikwa na maumivu upande mmoja wa tumbo la chini, karibu na nyonga. Hayakuwa ya siku za mwezi, maana hayo niliyajua. Haya yalikuja kwa wakati wake, yakanikata kama wembe kwa saa kadhaa, yakabaki yakinung'unika siku nzima, halafu kimya. Mwezi huu kushoto, mwezi ujao kulia. Kwenye zahanati ya shule nilipewa vidonge viwili na kuambiwa, "Nyinyi wasichana mtazoea tu." Bwenini nako minong'ono ikaanza: eti huyu amepata mimba, mwangalieni anavyoshika tumbo. Jamani! Maneno yale yaliniuma kuliko tumbo lenyewe.

Muhula ule ule kijana mmoja wa darasa letu alishikwa na tumbo. Lilianzia kitovuni, likashuka upande wa kulia. Yeye naye aliketi kwenye benchi lile lile, akapewa vidonge vile vile. Jioni alikataa chakula, na sote tulishangaa kwa sababu kijana yule hajawahi kuacha sahani na kitu. Usiku wa pili alikuwa anatapika, mwili unachemka kwa homa, na akikohoa tu analia. Alikimbizwa hospitalini akapasuliwa. Kilikuwa kidole tumbo, nacho kilikuwa karibu kupasuka. Kingepasuka, usaha ungeenea tumboni, na pengine leo jina lake tungelitaja kwa kutanguliza neno "marehemu".

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Matumbo mawili, vidonge aina moja. Nani angejua kwa kututazama tu ni yupi kati yetu aliyekuwa hatarini?

Wakati wa likizo nilimweleza mama. Hakunikemea. Aliniambia, "Tumbo halina mdomo, mwanangu. Liandikie wewe." Basi nikatenga daftari dogo: tarehe, upande gani, yamedumu saa ngapi, na hedhi ilianza lini. Likizo iliyofuata tulikwenda hospitalini nalo. Daktari alimwomba mama atoke kidogo, kisha akaniuliza maswali ambayo msichana huona haya kuyajibu. Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Mkojo unachoma? Kuna uchafu usio wa kawaida? Umewahi kukutana na mwanamume? Hakuwa akinishtaki. Alinieleza kuwa kila jibu la kweli humpunguzia mambo ya kubahatisha.

Nikapimwa mkojo, nikapimwa mimba, nikapigwa picha ya altrasaundi. Hakuna kilichoonekana. Nilidhani ataniambia kwamba najifanya. Badala yake alisema, "Kutoona kitu si kusema huumwi. Hebu nipe hilo daftari." Akahesabu siku kwa ncha ya kalamu. Kila mara maumivu yalikuja kama siku 14 kabla ya hedhi. Ni wakati ambao yai hutoka kwenye ovari, akasema, na wasichana wengine huhisi likitoka. Hayana madhara. Chupa ya maji ya moto na dawa ya kutuliza maumivu hutosha, ila yakibadilika au yakizidi, nirudi.

Sasa, mwenzangu msomaji, nikugawie niliyojifunza. Maumivu ya kawaida ya hedhi husababishwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya mfuko wa uzazi ujibane. Huanza pamoja na damu au kabla kidogo, na hukaa siku moja hadi tatu. Lakini yakikukosesha masomo kila mwezi, tena dawa hazifui dafu, hayo si ya kuzoea. Huenda ni endometriosisi, ugonjwa ambao utando unaofanana na ule wa ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa unawapata wanawake na wasichana 10 hivi katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Mkojo ukichoma na ukienda chooni kila dakika, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Hutibika vizuri kabla hayajapanda hadi kwenye figo.

Kuna maumivu yasiyongoja asubuhi. Yakija ghafla na kwa ukali, au yakiandamana na homa, kutapika, kuzirai au tumbo kuwa gumu kama ubao, twende hospitalini saa hiyo hiyo. Aliyekosa hedhi kisha akashikwa na maumivu upande mmoja asifiche kwa kuogopa matusi, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huweza kuua.

Nanyi wavulana msicheke. Korodani huweza kujisokota na kukatiza damu, hasa kwa vijana wa umri wetu, na wakati mwingine maumivu husikika tumboni. Kwa kawaida madaktari wanataka kuifungua ndani ya saa 6 hivi, la sivyo hufa. Atakayeona haya hadi kengele ya asubuhi huenda akaipoteza.

Walimu wetu wapendwa, nasi viranja wa mabweni, hatuwezi kupasua tumbo la mtu tuone kilichomo. Tunaloweza ni kuuliza: panauma wapi, palianza lini, panazidi au panapungua? Kisha tuamini jibu, na mwenye kuumwa apate ruhusa ya kutoka langoni. Kijana wa kidole tumbo sasa anacheza nambari tisa katika timu yetu ya kandanda. Mimi daftari langu bado ninalo, na nimewapa wasichana watatu wa bweni letu mfano wa kuanzisha yao.