Kila Mtu na Njia Yake

Nilipokuwa nikisoma Marekani nilizoea kukaa jioni kando ya kiwanja cha chuo, nikimtazama kocha wa futiboli ya Kimarekani akifundisha jambo lisilo na mashabiki: kumzuia mpokeaji baada ya teke la kuanzia. Wachezaji kumi hutimka pamoja, kila mmoja katika njia yake. Kocha huyo hakumkaripia aliyechelewa. Alimkaripia aliyeiacha njia yake akaukimbilia mpira.

Sababu yake niliielewa nilipotazama mkanda wa mchezo wa Januari 8, 2000. Buffalo Bills wanaongoza 16 kwa 15, zimebaki sekunde 16. Wanapiga teke. Lorenzo Neal wa Tennessee Titans anaudaka mpira, anampa Frank Wycheck, na Bills wanammiminikia. Wycheck anautupa hadi upande wa pili, kwa Kevin Dyson, ambaye anakimbia yadi 75 hadi mwisho. Upande ule hapakuwa na mtu.

Kisa hicho nimewasimulia wanafunzi wangu wa utawala mara nyingi, kwa sifa tele kwa nidhamu. Sikuwaambia kwamba Oktoba 2010 Eric LeGrand wa Chuo Kikuu cha Rutgers alipooza akitekeleza kazi hiyohiyo, wala kwamba hatari ya mbio zile haikuwa mikononi mwa kocha. Mwaka 2024 ligi ya NFL ilibadili sheria: wazuiaji sasa husimama yadi 40 ya wapinzani, wasijongee mpaka mpira uguse ardhi au mchezaji.

Muhula ujao nitaanza na LeGrand.