Ningu wa Bibi

Bibi alizaliwa Nassa, kando ya Nyanza, akaolewa Bariadi kwa Wanyantuzu. Siku hizi kutoka Bariadi hadi ziwani, pale Lamadi, ni lami tupu, kilomita 70 hivi, unafika chai haijapoa. Yeye hakurudi kuishi kwao tena. Alikula michembe yetu na ugali wetu wa mtama mpaka akazeeka, lakini kila masika yalipoanza alisimama mlangoni akatega sikio. "Ningu wanapanda," alisema, na hapo hata lambo la ng'ombe bado lilikuwa tope.

Ningu ni samaki wa ziwani ila uzazi wake uko mtoni. Mito ikijaa, huufuata mkondo kwenda juu akatage kwenye mabonde yaliyofurika. Kwa maneno ya bibi, walikuja kwa kundi hadi maji yakachemka kama uji, watu wakawatega kwa migono, na mayai yakawa fungu la watoto. Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mzee yeyote anayesifu ujana wake.

Kumbe hakuongeza chumvi. Nyavu za nailoni zilipoenea miaka ya 1950, watu walitega makila hayo midomoni mwa mito, majira yale yale ningu anapopita na tumbo lake. Ni kula mbegu kabla ya kupanda. Tukihesabu hasara za ziwa hili tunamtaja upesi sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na furu aliowamaliza. Ni kweli. Lakini ningu alikuwa ameshaadimika kabla sangara hajanenepa. Huyo hakuliwa na mgeni. Tulimla wenyewe.

Bibi alifariki kiangazi. Nilijiandaa kuukosa mkongojo wake ukutani, na kikohozi chake cha alfajiri. Nilichokuwa sijajiandaa nacho kilinijia matanga yameshaanuliwa, mvua ya kwanza ikagonga bati na hakuna aliyekwenda mlangoni. Mtu wa mwisho nyumbani kwetu aliyemkosa ningu alikuwa ameondoka. Mimi sikuwahi hata kumwonja, nimkose vipi?

Nikapanda gari kwenda Lamadi.

Maji ya pale ni Ghuba ya Speke, jina la Mwingereza aliyeliona ziwa mwaka 1858, kana kwamba halikuwa na wenyewe. Ukiitazama ramani utaona Ukerewe kimejilaza kaskazini ya ghuba kama komeo, kikiikinga na ziwa kubwa, na kati yake na bara umebaki upenyo mwembamba ambao kivuko hukatiza kutoka Rugezi hadi Kisorya. Kutoka Lamadi kisiwa hukioni. Unachoona ni mafunjo, ndege weupe, na maji yaliyotulia kama ya mtungini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda mita 60 kutoka ukingoni. Nilizipiga kwa hatua. Sikumaliza, nilikuta matuta ya nyanya.

Juu kidogo, ng'ambo ya Ndabaka, ni Nyatwali ya Bunda, ambako wananchi wamehamishwa ili Serengeti ifike ziwani na wanyama wapate maji. Sina ugomvi na tembo, kiu ni kiu. Lakini niliwafikiria waliong'oa mabati na milango, wakaiacha ardhi waliyozikia watu wao. Na nikawaza, njia ya kwenda majini imepata wa kuifungua. Ile ya kutoka majini kuja kwetu nani anaikumbuka?

Mwaloni dagaa walikuwa wameanikwa.

"Mwangaluka, mayu. Ningu wapo?"

Mama muuzaji alicheka. "Ningu! Nani kakutuma, kaka?"

Hata hivyo alipekua beseni lake, chini ya sato wadogo, akamtoa mmoja. Hakuzidi kiganja changu na vidole vyake. Mdomo wake umeelekea chini, mnene, kama wa mtu aliyenuna.

"Nikuparulie?"

Kisu kilipopita, tumbo lilifunguka lenyewe. Lote lilikuwa mayai, madogo madogo. Mvua zilikuwa zimeanza, alikuwa safarini. Yule mama akanitazama. "Niyaache au niyatoe?" Nikamwambia ayaache.

Jioni, Bariadi, tulimchemsha kwa nyanya na chumvi, mama yangu akisimamia sufuria kwa kumbukumbu ya kusikia tu. Ana miba huyu, Mungu wangu. Mayai nilimwekea mwanangu. Alitafuna polepole, akaniuliza kama ndivyo alivyokuwa akimsema bibi.

Nilikuwa na mwiba kwenye fizi, nikajishughulisha nao. Nje mvua ilikuwa imeshika. Mama akainuka, akaenda kusimama mlangoni.