Paka wetu huko Kadutu
Siku ya posho tulipanda Kadutu, hapa Bukavu, kutafuta nyumba ya kupanga. Kule nyumba zimebanana mlimani, bati la jirani liko chini ya mlango wako, na panya wanatembea wapendavyo. Tulipokuwa tunapatana garanti, mwenye nyumba akaona paka mikononi mwa mtoto: “Mnyama hapana!” Mtoto akalia. Tukasema: “Baba, huyu atalinda unga wa wapangaji wote. Akichafua, tutafagia. Akiharibu, kata kwenye garanti.” Akakubali.

Wamama, tuulize mbele ya kutoa pesa, na mapatano yaandikwe kwenye mkataba. Mwenye mbwa aonyeshe karatasi ya chanjo, maana kichaa cha mbwa kinaua. Hapo mwenye nyumba hana sababu ya kukataa.